Sufuria Langu na Misiba ya Watu

Jovitha na Edna, mnaoshika jiko la shule baada yangu, mliniomba niwaandikie maelekezo yake kabla sijaanza kusahau. Maelekezo ni mafupi. Maharage yalowekwe tangu jioni, ndizi zimenywe asubuhi, chumvi iingie mwisho, mwalimu asile kabla ya mtoto. Nimemaliza. Yaliyobaki humu ni habari za sufuria, ambazo hamkuniuliza. Ninyi mna vyeti vya mapishi vyenye picha zenu, lakini najua huko chuoni hakuna aliyewaambia kwamba sufuria lina tabia zake.

Watu huajiriwa kwa vyeti. Mimi niliajiriwa kwa sufuria, na sioni aibu kulisema. Shule niliishia darasa la pili, kwa sababu darasa la tatu lilikuwa kwenye shule nyingine ng'ambo ya bonde, na bonde lile wakati wa mvua lilikuwa tope mpaka magotini. Wenzangu waliovuka wakawa makarani. Baadhi yao siku hizi wanapita kwangu kuomba ndizi, nami nawapa, ila nachagua mkungu mdogo. Nilipopata nguvu nilikwenda Bukoba mjini, nikapanga chumba Bilele, nikapata kazi ya kufagia katika duka la vitambaa la Wahindi. Wakati huo walikuwa bado wapo wa kutosha kufunga arusi zao hapa hapa.

Mama mwenye duka aliitwa Mama Zarina. Mpishi wake alipougua, aliniita kutoka kwenye ufagio. "Projesti, njoo ushike hapa." Nikashika mwiko, na sikuuachia tena mpaka mwaka huu. Mama yule hakunisifu hata siku moja. Alikuwa akisimama nyuma yangu, mtandio begani, anasema, "Punguza moto. Unakimbilia wapi? Gari lako limefika?" Nikipunguza, anasema nimepunguza mno. Kwa muda mrefu nilidhani ananichukia. Baadaye nikagundua kwamba hakuwa na chuki wala mapenzi, alikuwa anataka mchele usishike chini, basi. Mwalimu bora kuliko huyo sijampata, na nimekaa na walimu maisha yangu yote.

Watoto wake walihama mmoja mmoja, na mwisho naye akafunga duka. Siku ya kuondoka alinipeleka stoo akanionyesha sufuria la arusi. Lilikuwa la aluminiamu nene ya zamani, lenye masikio mawili, na upana wake mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulala humo akajinyoosha. "Chukua," akasema. "Arusi zetu hapa zimekwisha. Wewe una ndugu wengi."

Nikarudi kwetu Muleba juu ya lori la magunia ya kahawa, nimekaa ndani ya sufuria langu kwa sababu pengine nafasi haikuwepo. Mke wangu Leonia alipoliona linashushwa alishika kiuno.

"Hili tumpikie nani? Yesu na wale wa mikate mitano?"

"Tutaona," nikasema.

Likakaa nyuma ya nyumba, kuku wakalifanya nyumba yao, mpaka wazazi walipokubaliana kwamba watoto wawe wanakula shuleni. Walikubaliana vizuri sana. Kila mzazi atatoa mkungu wa ndizi kwa zamu, maharage baada ya mavuno, na mtoto atabeba ukuni. Kila kitu kilipangwa isipokuwa chombo cha kupikia. Kamati ya shule ikaja kwangu, wakakaa, wakanywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakasifu kibanja changu, migomba yangu, mke wangu. Nilijua wanachotaka, maana macho yao yalikuwa yanapita juu ya bega langu kuelekea kwa kuku.

Mwenyekiti akasema, "Waitu Projesti, tunaomba utuazime lile sufuria kwa ajili ya watoto."

"Sufuria haliendi peke yake," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Watoto walikuwa wamesimama mstarini wakikaguliwa kucha, mimi nyuma ya madarasa namenya ndizi. Sasa ninyi ni vijana, hamjui ilivyokuwa kwa mwanaume wa Kihaya kukaa hadharani anamenya ndizi. Utomvu unakushika mikono inakuwa myeusi, na mikono ile kwetu ilikuwa ya wanawake. Kina mama waliokuja kunisaidia walikuwa wanatazamana na kuuma midomo. Lakini aliyesema alikuwa mmoja, Mzee Rwechungura, ambaye kibanja chake kilipakana na shule. Alipita njiani na fimbo yake, akasimama, akanitazama mpaka nilipomaliza ndizi niliyokuwa nayo.

"Muka Muhindi," akaniita, maana yake mke wa Mhindi. "Hujambo? Mumeo amekuacha na vyombo?"

"Ameniacha na vyombo, tata. Wewe mkeo alikuacha na nini?"

Mke wake alikuwa amerudi kwao mwezi ule. Watu walicheka, na tangu siku hiyo Rwechungura hakunisamehe. Kila asubuhi ya shule alipita njia ile ile, fimbo ile ile, neno lile lile. "Muka Muhindi, umeamkaje?" Nami najibu. Ukweli ni kwamba siku asipopita nilikuwa naona kama saa imesimama.

Ukitaka kuijua shule ya kijijini usitazame ratiba iliyobandikwa ofisini, hiyo ni ya wageni. Ratiba yenyewe iko jikoni. Jumatatu watoto wanakuja na njaa ya Jumapili, kwa sababu nyumbani wazazi walikuwa kanisani na baadaye kwenye lubisi, kwa hiyo ongeza maharage. Jumanne ni siku ya kuni, na utaletewa vijiti vya kuchokolea meno na watoto wanaoapa kwamba ni magogo. Jumatano darasa la tano na la sita wanalima shamba la shule, wanarudi na majembe na hamu ya kula hata majembe. Alhamisi ni dini, katekista anakuja, wanaimba, na katekista anakula kuliko mtu anayekwenda mbinguni kesho. Ijumaa ni usafi na mpira, hapo kila mtu anakula harakaharaka na mwamuzi anakula mara mbili. Msimu wa kahawa madarasa yanakuwa nusu. Senene wakianguka, yanakuwa matupu, na walimu nao msiwatafute.

Kwenye ratiba hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote. Sufuria lilikuwa linatoka. Ilianza kwa msiba mmoja, watu wengi, vyombo vidogo, wakaja kuomba. Nani anamnyima mfiwa sufuria? Nikawapa. Ukafuata msiba mwingine, halafu arusi, halafu komunio ya kwanza, halafu padri mpya kupokelewa. Ikawa hakuna shughuli ya maana ambayo haikupikiwa ndani ya sufuria langu. Mtu akiolewa kwa sufuria dogo, watu walisema arusi ilikuwa ya siri. Shida ni kwamba watu wakishazika au wakishaoza hulala, na Jumatatu asubuhi sufuria liko mlima wa pili, lina ukoko wa mkono mzima, na mimi nina shule nzima yenye njaa. Niliwahi kulifuata mbio, nikalikuta bwana harusi anaogea.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja Madamu Mwajuma kuwa mwalimu mkuu. Kwao ni Singida, mwembamba, mwenye haraka, na kwa kumtendea haki alikuwa mwalimu kweli. Wiki yake ya kwanza alipoona watoto wamerudishwa nyumbani saa sita bila kula, alikuja jikoni akakuta mafiga matatu na mimi.

"Mzee, chakula kiko wapi?"

"Chakula kipo, Madamu. Sufuria ndilo limekwenda arusini."

"Limekwenda arusini," akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Limealikwa?"

Aliitisha kikao, akaleta rangi nyekundu, akaandika yeye mwenyewe ubavuni mwa sufuria langu: MALI YA SHULE. Nilimwangalia akiandika. Herufi zilikuwa nzuri. Kisha akaniambia mbele ya kamati, "Kuanzia leo sufuria halitoki getini. Likitoka, Mzee, kazi huna." Geti lenyewe hatukuwa nalo, tulikuwa na miti miwili ya mkaratusi, lakini kila mtu alielewa. Na niseme wazi: nilimuunga mkono. Nilikuwa nimechoka kukwangua ukoko wa arusi za watu ambazo hata sikualikwa. Wakati ule kibanja changu kilikuwa kimeingia mnyauko, migomba inakufa imesimama, na ile kazi ndiyo iliyokuwa inatulisha mimi na Leonia. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda na mwiko wangu.

Walikuja watu wa msiba wa kwanza, nikawaambia nendeni kwa Madamu. Wakaenda, wakarudi na midomo imevimba. Walikuja wa pili, vivyo hivyo. Kijiji kilianza kunisalimia kwa kifupi. Hata Rwechungura alipunguza. "Muka Muhindi" akawa anasema kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye huruma, na hilo liliniudhi kuliko matusi.

Kisha Rwechungura akafa.

Alikufa Jumanne, akiwa amekaa kwenye kiti chake akisubiri chai. Maziko yakapangwa Alhamisi. Na Alhamisi ile ile darasa la saba walikuwa na mtihani wa majaribio, karatasi moja asubuhi na nyingine mchana. Madamu alikuwa ametangaza mstarini kwamba hakuna mtoto kurudi nyumbani saa sita, wote watakula shuleni, kwa sababu mtoto wa ng'ambo ya bonde akienda kwao kula harudi tena. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ni mtoto ambaye bonde lile lilimshinda.

Jumatano mchana nikiwa nasugua sufuria, akaja Deus, mtoto mkubwa wa marehemu, na wenzake watatu, na mti mrefu wa kubebea. Hawakuomba. Walisalimia wakaanza kupima mti kwenye masikio ya sufuria.

"Waitu, mnafanya nini?" nikauliza.

"Tumekuja kulichukua."

"Mmekwenda kwa Madamu?"

"Tumetoka huko. Amesema hapana." Deus akaweka mti chini, akachuchumaa karibu yangu. "Mzee Projesti, baba alikusema sana. Sote tunajua. Lakini sasa amekufa. Ukitunyima wewe, unajua watu watasema nini."

Nilijua. Hakuna mtu ambaye angesema Madamu amekataza. Wangesema Projesti amengoja mpaka mtu amekufa ndipo akamlipa. Wangesema hivyo kwenye mazishi yake na baadaye kwenye mazishi yangu. Rwechungura hata ndani ya jeneza alikuwa amepata njia ya kunipita asubuhi.

Nikaenda ofisini. Madamu alikuwa anapanga karatasi za mtihani.

"Madamu, huyu alikuwa jirani wa shule."

"Mzee, poleni sana. Kila anayekufa hapa ni jirani wa shule. Kesho watoto watakula nini?"

Swali lilikuwa zuri, na nilirudi nalo nyumbani. Leonia akaniuliza nimeamua nini, nikamwambia sijaamua. Akasema, "Hujaamua, lakini umenoa kisu." Kweli nilikuwa nimekaa kibarazani nanoa kisu cha kumenyea.

Alhamisi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikwenda jikoni nikafungua stoo, nikatoa mikungu ya siku ile na maharage yaliyokwisha lowekwa. Deus na wenzake wakapitisha mti kwenye masikio, wakalibeba sufuria katikati ya ile mikaratusi miwili, mimi nyuma na mwiko begani. Nilikuwa nimehesabu hivi: Madamu anataka watoto wale, wafiwa wanataka sufuria, na sufuria ni moja. Basi watu ndio wahame.

Kule msibani kulikuwa na mikungu mingi ya majirani imelazwa migombani. Tukamenya kwa pamoja, za shule na za msiba. Kina mama walikuwa wengi, na hakuna aliyeuma midomo siku hiyo. Nilipika ebitoke na maharage, moto mdogo, bila kukimbilia mahali. Saa sita nikamtuma mtu kwa mwalimu wa zamu, kijana mmoja aitwaye Mwalimu Kamugisha, kumwambia chakula cha watoto kiko tayari, kiko kwa Rwechungura. Mwalimu wa zamu hula mwisho, na Kamugisha alikuwa na njaa kama watoto. Hakuuliza swali. Aliwapanga mstari, darasa la kwanza mbele, la saba nyuma, kila mtoto na sahani yake, wakaanza kushuka mteremko. Walipokaribia aliona haifai kuingia msibani kwa kelele za sahani, akawaambia waimbe. Na kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, wakaimba ule wa katekista.

Sasa jengeni picha. Watu wamekaa juu ya majani, kimya, jeneza liko sebuleni. Ghafla wanasikia sauti za watoto mlimani, zinashuka. Wanageuka, wanaona shule nzima inaingia kwenye kibanja cha Rwechungura kwa mstari, inaimba habari za mbinguni. Wazee wakasimama. Binti yake aliyetoka Dar es Salaam akaanza kulia huku anapiga picha. Mshereheshaji akakamata kipaza sauti:

"Ndugu waombolezaji! Shule nzima! Shule nzima imekuja kumsindikiza mzee wetu! Nani hapa amewahi kuona? Hiyo ndiyo heshima ya mtu aliyependa elimu!"

Rwechungura na elimu! Watoto wale wote walikuwa wanamjua kwa fimbo. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kukimbizwa kwenye mapera yake. Walipita mbele ya jeneza wakiwa wameinamisha vichwa, sahani zimeshikwa kifuani kwa mikono miwili, na nadhani wengi wao walikuwa wanahakikisha kwamba kweli hatoki. Deus alikuja jikoni akanishika mkono. Nikamwambia asinishike mkono nina utomvu.

Madamu alikuja baadaye kidogo. Alikuwa ofisini anahesabu karatasi za asubuhi, akatoka nje akakuta shule haina mtu hata mmoja. Nilimwona anashuka mteremko peke yake, anatembea kama mtu anayekwenda kupiga. Nikasema moyoni, Projesti, kazi imekwisha, angalau watoto wameshika sahani. Lakini hakunifikia. Wazee walimwona kabla.

"Mwalimu mkuu! Mwalimu mkuu amefika mwenyewe!"

Wakamletea kiti, wakakiweka mbele, karibu na wafiwa. Akakaa kwa sababu walikuwa wamemshika mikono. Kabla hajapumua wakampa kipaza sauti aseme neno. Akanitazama kule nilipo, na mwiko wangu. Akalitazama sufuria lenye maandishi yake mekundu. Akawatazama watoto. Nilidhani atasema yote.

"Mzee Rwechungura," akaanza. "Mzee Rwechungura alikuwa jirani wa shule."

"Ndiyo!" watu wakaitikia.

"Kila siku tulisikia sauti yake."

"Ndiyo!"

"Wanafunzi hawa hawatamsahau. Wengi wao... wamekimbia vizuri katika mashindano kwa sababu yake."

Watu wakalia. Mimi nimesikia hotuba nyingi misibani, na hiyo ndiyo pekee ambayo haikuwa na uongo hata kidogo.

Akaletewa chakula kwenye jani la mgomba. Tangu aje kwetu alikuwa anakula mkate ofisini, akisema kwao ndizi ni tunda. Siku hiyo alikula, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama. Alikula zote.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, watoto mbele, sufuria katikati, yeye akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba nami.

"Mzee Projesti. Nilisema nini kuhusu sufuria?"

"Ulisema likitoka sina kazi."

"Na limetoka."

"Limetoka, Madamu. Na watoto wamekula. Sasa kama sina kazi, niambie, nilibebe moja kwa moja mpaka kwangu."

Akatembea kidogo. "Mtihani unaanza saa nane," akasema. "Osha vyombo." Nikaosha. Watoto wote walikuwepo kwenye karatasi ya mchana, hata wa ng'ambo ya bonde. Waliiandika vibaya, kama ile ya asubuhi, lakini waliiandika wakiwa wameshiba.

Mkidhani mambo yalikwisha hapo, hamjui kijiji. Mwezi haukuisha akafa bibi mmoja upande wa chini. Watoto wake wakaja. Hawakutaka sufuria tu, walitaka na shule.

"Kwa Rwechungura mlikwenda wote," wakasema. "Mama yetu yeye alikuwa nani? Mbuzi?"

Madamu akajaribu kuwaeleza. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Mmoja aliomba darasa la saba peke yake, kwa kuwa marehemu hakuwa na ndugu wengi na kiwanja chake kilikuwa kidogo. Mwisho Madamu akapiga meza: shule haifanyi kazi ya kuzika. Akaitisha mkutano wa kijiji, wakakubaliana kununua sufuria jipya la misiba, likae kwa mwenyekiti, ili la kwangu libaki shuleni kwa amani. Likanunuliwa. Lilikuwa linang'aa, jepesi, ukilipiga kofi linalia.

Hakuna aliyelitaka. Kila mfiwa alikuja shuleni kuuliza lile lingine. Na unajua walikuwa wanaliitaje? Hawakusema sufuria la shule. Hawakusema sufuria la Projesti. Walisema, "Tunaomba sufuria la Rwechungura." Mtu aliyenitukana kila asubuhi ya shule, akapikiwa humo mara moja tu, tena akiwa amelala, ndiye likapewa jina lake. Mwishowe Madamu alichoka, akapanga yeye mwenyewe: siku ya msiba, lile zito liende, lile jepesi lije shuleni, na jua lisizame kabla halijarudi. Ndiyo maana, Edna, siku nyingine ulikuta maharage yananuka moshi. Usinilaumu mimi, laumu bati lile. Madamu alipohamishwa alituaga kwa heshima, na aliponiuliza kama naweza kumpikia ebitoke mara ya mwisho, nikamwuliza kwenye lipi. Akasema, bila haya, "Kwenye lile la Rwechungura, Mzee."

Basi, nimestaafu. Nilikuwa na jambo moja la kudai, nikalisema wazi kwenye mkutano wa wazazi: naondoka na sufuria langu. Nilipewa na Mama Zarina, nilipanda lori nalo, rangi ya Madamu imeshafutika kwa moto, na nyumbani kwangu kuna mahali pake nyuma ya nyumba. Akasimama Deus, sasa ana mvi.

"Waitu, mzee wangu," akasema kwa upole kabisa, "utachukuaje sufuria la baba?"

Na watu wakatikisa vichwa, wakaniona mimi ndiye mwenye tamaa.

Sikubishana. Niliamua kulifuata mwenyewe, kimyakimya. Jumamosi nikaenda, nikaambiwa liko arusini. Jumapili nikalifuata, nikakuta limepitiliza kwenye komunio. Jumatatu nikadamka kwenda shuleni, nikalikuta kwenye mafiga, na wewe, Jovitha, umesimama nalo, maharage yanachemka. Unakumbuka uliniuliza, "Babu, umesahau nini?" Watoto walikuwa wamekwisha anza kutoka na sahani zao. Nikaonja nikakwambia upunguze moto, nikarudi zangu. Jumatatu zote ziko hivyo. Nimetazama ratiba yote, siku ambayo sufuria lile liko tupu haipo.

Kwa hiyo nimeacha kulifuata. Leonia anasema nitulie, litakuja lenyewe, na amesema kweli: kuna siku moja ambayo litaletwa mpaka mlangoni kwangu bila kuombwa, limebebwa na watu wanne. Siku hiyo mimi sitaweza kusimama nyuma yenu, kwa hiyo nawaachia maneno sasa. Ndizi za kutosha, moto mdogo. Msiuache ukoko ukauke, na msisugue kwa mchanga. Deus akisema ni sufuria la baba yake mwacheni, ila apewe sahani ya mwisho. Na kama itakuwa siku ya shule, msiwarudishe watoto nyumbani. Waleteni kwangu kwa mstari, na sahani zao. Mwalimu mkuu akishuka mteremko amekasirika, mpeni kiti cha mbele na kipaza sauti.